Kitabu Nilichokisifu

Burungu, 29 Aprili 1956

…na kuhusu foronya, mume wangu, jibu langu ni lile lile: nitazitarizi majani ya msituni, si maua ya huku kwetu milimani, kwa sababu kichwa chako kinalala msituni na changu kitafuata. Barua yako ilikatika hapo kwenye foronya, ukasema kamio ya posta inapiga honi. Basi naendelea mimi.

Théogène wangu! Nikiandika jina lako nasimama kidogo nilitazame. Mama Verdiane, mama yako, ananicheka: "We, utamaliza wino kwa jina moja?" Ananilea kama yai. Bado niko ndani, kama desturi inavyomtaka bibi harusi: sichoti maji, silimi, wapita njia hawanioni, mpaka mtama uvunwe, ndugu zangu walete pombe, nami nifunuliwe mbele ya watu. Wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba kukaa ndani kunachosha. Wao hawakuwa na sanduku la vitabu la Père Gustave!

Bado siamini. Zile karatasi za *Mwenzi wa Maktaba* anazozichapa padri huyo, zinazokwenda kwa walinzi wote wa maktaba za Kivu kuwaambia kitabu gani cha watoto waagize na kipi waache, sasa zina maneno ya mke wako. Masista walimwambia Père Gustave kwamba katika darasa letu mimi ndiye niliyesoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mikebe ya maziwa, naye akanitumia vitabu sita nivipime. Kimoja kina picha ya msichana Rosa akikamua ng'ombe. Mama Verdiane alipoiona alishika kichwa: "Yesu Maria! Mwanamuke anakamua? Hiyo ng'ombe itakauka!" Nikaandika: kisiagizwe kwa maktaba za wafugaji, wazazi watakikataa. Père Gustave akanijibu kwamba ni jambo ambalo yeye asingeliona kamwe.

Lakini sikiliza hili, nimelinakili kwa ajili yako:

"*Petro Ashinda Pori*. Kwa watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili. Herufi kubwa, mshono wa uzi, jalada gumu linalovumilia mikono ya watoto. Petro, mtoto wa msituni, anakutana na mnyama wa ajabu mwenye magamba, anayejiviringisha kama mpira. Anamuua kwa rungu na kumleta nyumbani akiimba, na mama yake anampokea kwa vigelegele. Picha zinachangamsha. Kila mtoto atataka kuwa Petro. Kiagizwe, hasa kwa maktaba za msituni."

Hayo ya mwisho niliyaandika nikikuwaza wewe na maktaba yako ya Walikale. Si Bwana Administrateur, mkuu wenu wa serikali, alisema ile nyumba ya matofali nyuma ya maktaba atapewa mlinzi mwenye mke, mradi maktaba ipate wasomaji? Basi nakutumia wasomaji. Wewe nitumie nyumba!

Mke wako (naliandika tena: mke wako),
Annonciata


Walikale, 10 Mei 1956

Annonciata wangu,

Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa. Barua yako ilifika imelowa, jina langu limesambaa karatasi nzima, nikaona hivyo ndivyo linavyostahili.

*Mwenzi wa Maktaba* limefika pia, na vitabu vya Petro pamoja nalo. Nimeubandika uchambuzi wako mlangoni, jina lako chini yake, Annonciata Nyiraneza. Bwana Administrateur alisimama akausoma mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Iko mke wangu, Bwana." Akatikisa kichwa akisema, "Basi anastahili nyumba yenye dirisha." Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Dirisha!

Na watoto wanakuja. Yupo mmoja, Athanase, mtoto wa Papa Barthélemy, mwindaji anayeimba sauti ya chini katika kwaya ya misioni. Huyo amemsoma Petro mpaka anamjua kwa moyo. Juzi alinitania mbele ya wenzake: "Papa Bibliothécaire, mlinzi wa vitabu, weye unatoka kwenye ng'ombe, pori utalijua kwa kitabu tu." Wakacheka wote, nami nikacheka, kwa kuwa ni kweli. Dada yake Valérie hasomi bado. Yeye hushika kitabu akakitazama picha kwa picha, kisha hukirudisha akiwa amekifuta kwa nguo yake.

Kata pazia la dirisha moja. Moja kwanza.

Mume wako,
Théogène


Burungu, 19 Mei 1956

Théogène wa dirisha langu,

Nilisoma barua yako kwa sauti, Mama Verdiane akaomba nirudie pale pa "anastahili", nikarudia, akaomba tena. Nimechagua kitambaa cha manjano. Dada yangu Godelieve alikuja kunitembelea, akasema manjano yataonyesha vumbi. Nikamwambia msituni hakuna vumbi, kuna matope. Akasema basi yataonyesha matope. Ana wivu. Mume wake hajawahi kusoma hata almanaka.

Foronya ya kwanza iko karibu kwisha. Majani nayaiga kutoka ukurasa wa kumi na nne wa *Petro*, pale alipojificha akimvizia mnyama. Mazuri sana, marefu, yamechongoka. Utaniambia majina yake.

Ninawaza tutakavyokaa. Wewe utafungua maktaba asubuhi, mimi nitakuwa dirishani na vitabu vyangu nikivipima, na nikishindwa kuamua nitakuita, "Théogène, watoto wako watakipenda hiki?" nawe utamleta Athanase akisome palepale. Nani mwingine ana ndoa kama hii?

Niandikie kurasa nyingi. Niko ndani, kumbuka! Dunia yangu yote ni posta.

Annonciata


Walikale, 2 Juni 1956

Annonciata mpenzi,

Mimi ni mzima. Usihangaike.

Barua hii ni fupi kwa sababu kuna kazi. Bwana Administrateur yuko katika safari za vijijini, mambo ya nyumba yanamngoja arudi. Kitambaa usikikate bado.

Najua unangoja habari za vitabu. Vya Petro, rafuni hakimo hata kimoja. Ukimwandikia Père Gustave, mwambie labda vitabu vya msituni visomwe kwanza na watu wa msituni. Nilikuwa nawaza hivyo tu.

Msalimie Mama. Ninakupenda kuliko ninavyoweza kuandika leo.

Théogène


Burungu, 11 Juni 1956

Hakimo hata kimoja!

Théogène, nilipofika hapo niliinuka, nikacheza peke yangu chumbani mpaka Mama Verdiane akaja kuangalia kama kuna nyoka. Rafu tupu! Mlinzi yeyote wa maktaba angelia kwa furaha, na wewe unaniandikia kama mtu mwenye jino linalouma. Najua ni uchovu. Watoto wanakuchosha, na hakuna wa kukupikia. Pole, mume wangu. Pole sana.

Sikukaa bure. Siku ileile nilimwandikia Père Gustave kwamba Walikale vitabu vyote vimeondoka rafuni, na kwamba watu wa msituni wanafaa wakisome kwanza wao, kama ulivyosema. Akanijibu kwa posta ya kurudi! Amefurahi. Anakutumia sanduku zima la *Petro*, na maktaba nyingine za msituni nazo zitapewa. Ameahidi pia kuchapa uchambuzi wangu mara ya pili, na juu yake: "Kimejaribiwa Walikale."

Umeona? Bwana Administrateur akirudi kutoka safarini atakuta maktaba imejaa na sanduku jipya mlangoni. Atakosaje kutoa ufunguo?

Kitambaa nimeshakikata. Nisamehe. Mkono ulienda wenyewe.

Annonciata wako


Walikale, 23 Juni 1956

Annonciata,

Nilitaka nikuambie tukiwa tumekaa pamoja. Lakini sanduku liko njiani, na wewe unafurahi kwa jambo ambalo silo. Kosa ni langu, nilikuandikia nusu.

Vitabu havimo rafuni kwa sababu wazazi walivirudisha. Walivifunga kwa kamba za msituni, wakaviweka chini mlangoni, wakaenda bila kunisalimu.

Yule mnyama wa magamba, kakakuona, huku hauawi. Mimi sikujua. Miaka miwili niko hapa, ninanunua ndizi zao, ninaimba nao kanisani, na sikujua. Hata mwindaji akimkuta amekufa, hamgusi kama nyama nyingine. Wazee wanaitwa, kila kiungo kinakwenda kwa mwenye haki nacho, na nyumba ya aliyemgusa inasafishwa. Bila hivyo nyumba ile ni ya kifo: hakuna anayechukua moto kwao, hakuna anayepita kwenye uwanja wao. Wakristo nao, wengi wanashika hilo. Wanasema hawajaona Injili iliyoandikwa kwamba auawe.

Athanase alimkuta kwenye shamba la migomba. Akafanya kama Petro. Akampiga kwa rungu, akamfunga kwenye mti wakaubeba, yeye mbele na Valérie nyuma, wakaingia kijijini wakiimba wimbo wa Petro. Wakamwita mama yao apige vigelegele. Mama Emérita alianguka chini.

Nilifika nikawakuta watu wamesimama mbali na uwanja. Papa Barthélemy alikuwa amekaa kizingitini. Athanase alikuwa na kitabu mkononi, anakionyesha:

"Papa, angalia, iko hapa. Mama yake alifurahi. Angalia picha."

Baba yake hakumpiga. Alisema tu, "Mutoto wangu, nani alikupa hii?"

Mtoto akanitazama.

Wazee wangeweza kuisafisha nyumba. Lakini mikutano yao imekatazwa na serikali, unajua. Papa Barthélemy aliwaita hata hivyo, angefanya nini? Mtu akatoa habari, askari wakaja katikati ya shughuli. Amefungwa. Shughuli haikumalizika, kwa hiyo nyumba imebaki vile vile, na sasa haina baba. Kwa wazee ana kosa akiacha, kwa serikali ana kosa akifanya. Nilikwenda kwa Bwana Administrateur kusema kwamba kitabu kilitoka kwangu. Akasema kitabu hakina kosa, ujinga ndio una kosa, na maktaba ifungwe mpaka watu watulie. Habari za nyumba yetu sikuzitaja. Aliitaja yeye: atakaa humo karani wa ushuru.

Karatasi yako niliing'oa mlangoni kabla wazazi hawajauliza. Walipouliza nani alisema kitabu hiki ni kizuri, nilisema ni muntu wa mbali.

Théogène


Burungu, 2 Julai 1956

Mume wangu,

Nimeandika mistari mingi nikaifuta. Sina namna nzuri ya kuanza.

Niliandika mimi: "Kila mtoto atataka kuwa Petro." Nilifurahia sentensi hiyo kuliko zote. Picha ya Rosa na ng'ombe nililiona kosa lake mara moja kwa sababu Mama Verdiane alikuwa nyuma yangu akishika kichwa. Kwa Petro hakukuwa na mtu nyuma yangu. Sikumtafuta. Niliona magamba nikasema, ya ajabu!

Nimemwandikia Père Gustave barua mbili. Ya kwanza: azuie sanduku. Ya pili: asichape tena uchambuzi, achape huu mpya, nao nimeuweka humu uusome:

"*Petro Ashinda Pori*. Kisiagizwe. Kama kimo rafuni, kitolewe. Mnyama anayeuawa humu hauawi na wengi wanaoishi naye. Mchambuzi wa kwanza hakuuliza."

Amejibu. Ni mpole, Théogène, hilo ndilo linaloniumiza. Anasema moyo wangu ni mwema. Anasema sanduku lilikwisha kupakiwa, na karatasi za mwezi huu zilikwisha kupigwa chapa, na "Kimejaribiwa Walikale" imo. Kuhusu uchambuzi mpya, anasema hawezi kuwaambia walinzi wa maktaba za Kivu kwamba tunaogopa mnyama. Kazi yetu ni kuwatoa watu huko. Nilikuwa nimemkumbusha kwamba kitabu cha Rosa alikikataa kwa sababu ya ng'ombe. Akasema, ng'ombe ni jambo jingine, wenye ng'ombe ni wengi.

Kisha akaniomba nipime vitabu vitano vingine.

Ninakaa hapa ndani na shuka jeupe kichwani, ninaletewa maziwa. Siruhusiwi hata kwenda Kirolirwe, kamio inakosimama, kuipakia barua hii mwenyewe. Huko mtu amefungwa kwa sababu ya maneno yangu, na wageni wakija hapa wananiimbia.

Usiniite tena muntu wa mbali. Athanase anakula wapi? Nani anamsalimu?

Annonciata


Walikale, 12 Julai 1956

Annonciata wangu,

Sanduku limefika. Sikuweza kulirudisha: karani wa posta anataka amri ya Bwana Administrateur, na Bwana Administrateur anasema kilichokuja kwa maktaba kibaki maktaba. Liko ndani, kufuli nje. Mimi ninakaa barazani kama mlinzi wa kaburi.

Papa Barthélemy wamempeleka Bukavu. Hatukuambiwa kwa muda gani. Kwaya Jumapili iliimba bila sauti ya chini, watu wakatazama chini.

Athanase anakula kwao. Mama Emérita analima peke yake. Wanawake waliokuwa wakilima naye wamehamia upande mwingine wa kijito. Niliwapelekea chumvi. Mimi si wa huku, kwa hiyo kupita kwenye uwanja wao hakunidhuru mbele ya watu, ila sasa nami wananipita pembeni. Athanase hakunitania. Aliniuliza, "Papa Bibliothécaire, yule aliyeandika Petro, alikuwa anajua?" Nikasema aliyeandika yuko Ulaya, hakujua. "Na aliyesema kiko kizuri?" Nikainama kuufunga mfuko wa chumvi. Annonciata, ni kijana mwerevu. Aliwahi kuisoma ile karatasi mlangoni, kila neno, na jina lako chini. Hajamwambia mtu.

Mama Emérita alikuwa anamenya mihogo. Bila kuinua kichwa akasema:

"Huyo muntu wa mbali, iko na jina?"

"Iko, Mama."

"Iko na miguu?"

"Iko."

"Aje basi akae hapa uwanjani, watu wamuone. Sasa wanasema batoto yangu walizaliwa na ubaya. Akikaa hapa watajua ubaya ulikuja na njia, haukuzaliwa hapa."

Nikamwuliza kama hilo litaisafisha nyumba. Akasema, "Hapana. Nani alikuambia litasafisha?"

Ninakuandikia kwa sababu nimeapa sitakuandikia nusu tena. Lakini usije. Nyumba haipo, ninalala kwa Papa Mbonigaba, fundi cherehani, nyuma ya mashine yake. Na wewe hujafunuliwa. Hakuna utakachotengeneza. Mimi niko hapa na sijatengeneza kitu.

Théogène


Burungu, 19 Julai 1956

Mume wangu mpendwa,

Nilimsomea Mama Verdiane barua yako yote. Nilifikiri atasema mtama bado mbichi, kwa sababu ni kweli, bado mbichi. Badala yake akauliza, "Huyo Emérita, ana watoto wangapi?" Nikamwambia ninaowajua, Athanase na Valérie.

Asubuhi alikuja akanitoa shuka kichwani kwa mkono wake. Hakukuwa na pombe, hakukuwa na ndugu zangu, hakuna aliyeimba. Akanishika mkono tukatoka mpaka uwanjani. Jua liliniumiza macho. Jirani aliyekuwa akipita na mbuzi alisimama:

"Heee, Verdiane! Munafunua bibi harusi kama munafunua chungu? Mtama uko wapi?"

"Huyu iko na safari," akasema. Basi. Godelieve atasema mwaka mzima kwamba sikufunuliwa, nilifukuzwa.

Vile vitabu vitano nimemrudishia Père Gustave bila kuvifungua. Hajachapa uchambuzi wangu na hatauchapa. Nimeunakili kwa mkono, nakala nyingi kadiri wino ulivyoruhusu, nikawaandikia walinzi wa maktaba ninaowajua majina. Sijui wangapi watamsikiliza mke wa mtu kuliko karatasi yenye chapa. Najua jibu, ila niliandika.

Pazia la manjano nimelikunja. Foronya zote mbili zimekwisha, na nilikuwa nazifunga nikaona majani yale. Sijui hata kama yapo Walikale. Niliyaiga kwa mchoraji ambaye hajafika huko. Sizileti.

Unaniambia hakuna nitakachotengeneza. Nimeelewa. Papa Barthélemy sitamtoa, nyumba ya Mama Emérita sitaisafisha, na yetu imeshakwenda. Nitakaa uwanjani pake nikimenya mihogo kama ataniruhusu kugusa kisu, na watu wakipita upande wa pili wa kijito wataniona. Mwambie Athanase asilinde tena jina langu, alitoe. Mwambie Mama Emérita muntu wa mbali anaitwa Annonciata Nyiraneza, ana miguu, na hajazoea matope.

Mwombe Papa Mbonigaba nafasi ya mkeka mmoja nyuma ya cherehani. Nitapanda kamio ya Kirolirwe hadi Masisi, kutoka hapo nitapanda yoyote inayoteremka msituni. Nitafika kabla mwezi haujaisha.

Mke wako,
Annonciata